Kitanzi cha Sikio la Kushoto

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kusafisha vidonda, nilikuwa nakata masikio. Sikuajiriwa kwa kazi hiyo. Niliajiriwa kuwa dresa, yaani mfunga vidonda, katika hospitali ndogo iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba ya chai upande wa Kericho, katika miaka ile ambayo mashamba yenyewe yalikuwa bado mapya na visiki vya msitu vikionekana katikati ya mistari ya michai. Lakini vijana wetu waliotaka kubatizwa, au kuandikwa askari, au kupika katika nyumba za Wazungu, hawakutaka tena masikio ya baba zao. Sikio la Mkipsigis wa siku hizo lilitobolewa chini mapema, kisha tundu likapanuliwa kwa vijiti vilivyozidi kuongezwa unene, mpaka nyama ya chini ikawa kitanzi chembamba kinachoning'inia karibu na bega. Mpishi mwenye kitanzi aliambiwa kitaingia kwenye supu ya bwana.

Basi waliketi kwenye benchi langu mmoja mmoja. Nilikata kitanzi katikati, pale chini kabisa, nikafupisha ncha ya mbele na ncha ya nyuma, nikazikutanisha kwa nyuzi tatu, nikapaka dawa ya aidini. Mabaki niliyatupa ndooni. Vitanzi vyangu mwenyewe nilikatiwa na dresa aliyenitangulia, na ndoo ilikuwa ileile.

Naeleza haya mwanzoni kwa sababu bila hayo hakuna atakayeelewa mkono wangu ulifanya nini baadaye.

Dada yangu mkubwa alizaliwa bila rangi. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, nywele kama majani makavu, na macho yake yalikimbia jua. Mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akinipikia na kunichapa inavyostahili. Watoto wa jirani walimwita Mzungu. Aliwajibu kwamba kama yeye ni Mzungu, basi baba zao wamletee kodi ya vibanda. Aliolewa Kimulot, karibu na msitu wa Mau, na mwanamume mpole ambaye baadaye aliongeza mke wa pili. Dada alimzalia binti mmoja tu. Aliishi kama wanawake wote wa huko, akilima wimbi, yaani ulezi, juani toka asubuhi, kwa kuwa wimbi halilimwi kivulini.

Alifika hospitalini wakati wa mvua ndefu, ametembea tangu alfajiri, kitambaa cha kichwa kimefungwa hadi kwenye nyusi. Nilidhani ameleta habari za nyumbani. Aliketi kwenye benchi la Jumamosi, akafungua kitambaa upande wa kushoto, akageuza kichwa nione.

Ukingo wa juu wa sikio ulikuwa umeliwa. Mahali pake palikuwa na donda lenye kingo ngumu zilizoinuka, jekundu katikati, na gamba la rangi ya asali pembeni. Nilimuuliza lilianza lini. Alisema lilianza kama chunusi wakati wa kupalilia, mwaka juzi, likakauka, likapasuka, likakauka tena, na kila lilipopasuka lilikuwa limeongezeka. Alilipaka majivu ya majani fulani. Mumewe alijua. Wengine hawakujua, maana alijifunga kitambaa hata ndani ya nyumba.

Nilichukua kitabu cha wagonjwa. Akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Usiniandike bado," alisema. "Niambie kwanza kama sikio litabaki."

Nilijua kwa nini aliuliza habari za sikio, asiulize kama atapona. Binti yake alikuwa amechumbiwa, na arusi ilipangwa baada ya kuvuna wimbi. Katika ukoo wa shemeji yangu, mama wa bibi arusi ndiye anayempaka binti siagi kichwani na mabegani kabla hajatoka kwao. Mtu mwenye sikio lililoraruka, awe mwanamume au mwanamke, hakukubaliwa kuingia katika nyumba ya sherehe. Alihesabiwa kuwa na upungufu, na upungufu huo uliaminika kufuata siagi mpaka kwa yule anayepakwa. Msimamizi wa mambo haya alikuwa shangazi wa shemeji yangu, mwanamke mrefu, mkavu, asiyepandisha sauti. Alikuwa amekwisha kumzuia mlangoni ndugu yake wa tumbo moja, kwa sababu ng'ombe alimrarua sikio kwa pembe. Dada akizuiwa, siagi ingepakwa na mke mdogo. Na mke mdogo alikuwa amesema kisimani, watu wakisikia, kwamba mtoto huyo ana bahati ya kupakwa siku yake na mtu mwenye rangi.

Nilimwita daktari.

Alikuwa Mzungu wa makamo, mwenye mikono mikubwa na Kiswahili cha mashambani. Alilitazama donda kwa muda mrefu, akalibonyeza pembeni, akapapasa shingo ya dada toka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga, mara mbili, akitafuta vivimbe. Hakuvipata. Akaniambia nimweleze bila kupunguza kitu.

"Hii nakula nyama," alisema. "Kama hapana kata, nakwenda shingo. Halafu hakuna dawa."

Alikuwa anasema juu ya saratani, ingawa wakati huo hatukuwa na neno lake. Nilimwambia dada kwamba nusu ya juu ya sikio itaondoka, pamoja na ukanda mwembamba wa nyama nzima ili lisibaki hata kidogo. Hakulia. Alifunga tena kitambaa, akainuka, akasema anakwenda nyumbani na atarudi baada ya arusi. Nilihesabu miezi, nikaona kwamba daktari akimpapasa shingo wakati huo, atapata anachokitafuta. Nilimshika mkono, kitambaa kikateleza. Hapo ndipo daktari alipoona kitanzi.

Kilikuwa kimelala begani, kizima, kirefu kama kidole cha kati, laini, bila doa lolote, kwa kuwa siku zote kilikuwa kivulini chini ya shanga na kitambaa. Daktari alikichukua kwa vidole viwili, akakizungusha, akacheka peke yake. Alinieleza, akirukia lugha yake kila aliposhindwa, kwamba wakati wa vita vya Wajerumani alifanya kazi katika hospitali walikoletwa askari waliopotewa na pua na taya. Ili kuwapa nyama mpya, walikata ukanda wa ngozi na kuushona uwe mrija, wakaungoja majuma mengi uote damu yake, ndipo waupeleke mahali panapohitajika. Dada yangu alikuwa amekuja na mrija wake tayari, umeshonwa na Mungu.

Alichora kwenye karatasi ya dawa. Kwanza tuondoe donda, tungoje ukingo upone na tuone kama halirudi. Kisha tukate kitanzi upande wa mbele, kando kabisa ya shavu, kibaki kimeshikwa nyuma tu. Tukiinue kama kamba kufuata ukingo wa sikio hadi juu, tukishone pale. Baada ya majuma matatu kitakuwa kimepata damu ya huko. Litakuwa sikio lisilo na kitanzi, lakini lenye ukingo, na kwa mbali mtu hatatofautisha.

Dada aliuliza swali moja: je, kukikata kitanzi si ndiko kuraruka kwenyewe? Alikaa akiitazama ile karatasi. Hakujua kusoma, lakini mchoro aliuelewa.

"Nikiacha, shangazi atanizuia kwa sababu ya juu," alisema hatimaye. "Nikikata, huenda akanizuia kwa sababu ya chini. Huenda. Andika."

Donda lilitolewa juma lile. Nilikuwa nikidondosha dawa ya usingizi juu ya shashi usoni mwake na kuhesabu pumzi. Kipande kilichotoka kilichomwa katika tanuri nyuma ya jiko, nikamwambia alipoamka kwamba kimechomwa, kwa kuwa ndilo jambo la kwanza aliloniuliza. Alirudi Kimulot, akarudi kwetu kila baada ya majuma mawili. Kovu lilikuwa safi. Shingo ilikuwa safi. Wimbi lilipoanza kubadilika rangi, daktari alisema sasa.

Kitanda cha pili katika wodi ya wanawake kilikuwa cha mke wa mfanyakazi mmoja kutoka Kisii, aliyemwagikiwa uji wa moto mguuni. Alikuwa na maneno mengi. Alipoelezwa dada amekuja kufanya nini, alisema watu wa nchi hii ni wa ajabu: Wajaluo wanang'oa meno, Wakipsigis wanavuta masikio, na sasa Mzungu anashona kila kitu mahali pasipo pake. Dada alimuuliza Wakisii wao wanafanya nini. "Sisi tunamwaga uji," alisema yule mama, na hapo wakawa marafiki.

Siku ya kushona ilikuwa Jumanne. Dada alilazwa, akalala. Daktari alianza na juu, akichubua ukingo uliopona ili uwe mbichi na upokee ngozi mpya. Ilikuwa kazi ya polepole, na hakutaka dada akae sana na dawa. Bila kuinua kichwa aliniambia nikate kitanzi mimi, kwa kuwa katika hospitali nzima mimi ndiye fundi wa vitanzi.

Nilichukua mkasi. Nilikuwa nimeutazama ule mchoro mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuchora hata leo. Nilishika kitanzi kwa koleo, nikakinyoosha, nikakata. Kisha nikashika ncha ya mbele ili niifupishe, kama kawaida, na makali ya mkasi yalikuwa yamekwisha kuigusa nilipoona nilichofanya.

Nilikuwa nimekata katikati. Chini kabisa, pale pale pa kila Jumamosi.

Damu ilitoka kidogo pande zote mbili. Daktari aligeuka, akatazama ncha mbili zilizoning'inia, mbele nusu na nyuma nusu. Alichukua uzi, akapima toka shina la ile ya nyuma hadi juu ya sikio, akaulinganisha. Ulipungua kwa upana wa vidole viwili.

"Wewe nafikiri iko Jumamosi?" aliniuliza. Hakuuliza kwa ukali, na ningependa zaidi angeuliza kwa ukali.

Alisimama na uzi mkononi, nami nikiendelea kuhesabu pumzi kwa kuwa hiyo angalau nilijua kuifanya. Kisha akasema neno ambalo nimelikumbuka maisha yangu yote: "Hapana tupa kitu." Aliishona ncha ya mbele chini ya sikio, kando ya shavu, iwe kinundu kidogo. Ile ya nyuma aliiinua, na kwa kuwa haikufika juu, aliishona katikati ya ukingo, ilipoweza kufika. Ilifanya upinde, kama mpini wa kikombe. Alinieleza kwa kutembeza kidole chake mezani. Kiwavi hutembea kwa kuinua mkia na kuusogeza mbele. Baada ya majuma matatu kichwa cha kiwavi kitakuwa kimeshika katikati ya sikio. Ndipo tutakata mkia wake chini na kuupeleka juu. Kisha majuma mengine matatu.

Majuma sita badala ya matatu. Arusi ilikuwa baada ya majuma saba, tukihesabu kwa mwezi aliousema shangazi.

Nilimngojea dada aamke vizuri, nikamwambia mwenyewe, nikisimama. Nilimwambia nilikatia wapi na kwa nini. Dada aliinua mkono hadi kwenye bendeji, akakumbuka kwamba amekatazwa kugusa, akaurudisha.

"Umenikata kama unavyowakata wenzako," alisema. "Hukutaka, lakini umenikata kama wao." Baadaye kidogo akauliza: "Ulitupa?"

Nilimwambia sikutupa kitu.

"Basi nenda ukafanye kazi."

Majuma yale nilijifunza kusoma rangi. Daktari alisema kwa wagonjwa wengine angekuwa anabahatisha, lakini kwa ngozi ya dada yangu damu ilionekana kama moto nyuma ya pazia. Nilibonyeza upinde kwa ncha ya kidole asubuhi, mchana na jioni. Ukigeuka mweupe kisha ukarudi wa waridi nikifika tatu, ni mzima. Ukibaki mweupe, damu haifiki. Ukiwa wa buluu, damu inafika lakini haitoki. Niliandika kila mara kwenye daftari: waridi, tatu; waridi, tatu; waridi, nne. Dada alilala kwa upande wa kulia tu, mto wa mchanga nyuma ya kichwa, na mama Mkisii alimwamsha kila alipojaribu kugeuka. Mara moja nilimkuta amemfunga dada mkono kwenye kitanda kwa ukanda wa bendeji. Alisema ndivyo wanavyofungwa ndama kwao.

Shemeji yangu alikuja siku moja na maziwa katika kibuyu. Alimwambia mkewe kwamba shangazi anauliza yuko wapi, na kwamba mke mdogo amekwisha kuanza kukusanya siagi. Dada alimwambia amwache akusanye, siagi haiharibiki kwa kukusanywa.

Siku ya kumi na tisa kichwa cha kiwavi kilikuwa kimeshika. Daktari aliongeza siku tatu nyingine, akakata mkia chini na kuuinua hadi juu. Safari hii nilishika taa ya kioo na hakunipa mkasi. Tulipomaliza, sikio lilikuwa na umbo. Lilikuwa limevimba na kuzingirwa na nyuzi nyeusi, lakini lilikuwa na ukingo toka juu hadi chini, na hata mama Mkisii alisema linafanana na kitu.

Siku ya pili daktari aliitwa Kericho. Kabla ya kuondoka alinipeleka kando ya gari lake. Alisema hatari ni leo na kesho. Ukingo ukiwa wa buluu, nisimngoje. Nikate nyuzi mbili pale panapovuta, damu mbaya itoke. Nikichelewa nusu siku, kitanzi kitakufa chote, na hakuna kingine upande huo.

Asubuhi iliyofuata niliandika: waridi, nne. Saa nne nilirudi, nikafungua shashi. Nilibonyeza, nikahesabu hadi tano. Rangi iliyorudi haikuwa waridi. Ilikuwa kama zambarau iliyoiva nusu, toka ncha ya juu kuja chini, nusu ya urefu wote.

Niliosha mikono. Niliosha tena. Nilikwenda kwenye sinia, nikachukua mkasi mdogo. Nilijua kwamba nikikata uzi usiofaa, ukingo utaachana na sikio. Nilijua pia kwamba nimekwisha kumkata mara moja mahali pasipofaa, kwa mkono huuhuu, nikiwa sina hofu yoyote. Nilirudi kando ya kitanda, nikasimama bila kufanya kitu.

Dada hakuweza kuona sikio lake, ila aliona uso wangu.

"Ni rangi gani?"

Nikamwambia.

"Na Mzungu alisema ufanye nini?"

Nikamwambia.

"Nami nilikufundisha kufunga mlango wa ndama ukiwa hujafika kiunoni mwangu," alisema. "Ulilia, lakini ulifunga. Kata."

Mama Mkisii aliweka mguu wake mzima chini, akaja akichechemea, akamshika dada kichwa kwa mikono miwili. Nilitafuta mahali ngozi ilipovutwa hadi kung'aa. Nilikata uzi wa kwanza. Tone jeusi lilitoka, zito, likasimama. Nilikata wa pili. Matone yakaanza kufuatana. Niliyapangusa kwa shashi yenye maji ya chumvi ya moto, nikahesabu si hadi tano bali hadi mia, nikahesabu tena. Niliendelea hivyo mpaka wapishi walipoleta chakula cha mchana. Wakati huo zambarau ilikuwa imerudi nyuma kwenda juu, polepole, kama maji yanavyonywewa na udongo. Jioni ukingo wote ulikuwa wa waridi, isipokuwa ncha ya juu. Hiyo ilibaki kama ilivyokuwa.

Daktari aliporudi alisoma daftari langu kabla ya kumtazama mgonjwa, akaniambia nyuzi zilikuwa zile zile ambazo angekata yeye. Juu ya ncha alitikisa kichwa. Iligeuka nyeusi, ikakauka, ikawa kipande kama punje ya hindi, ikaanguka yenyewe siku ya kumi na mbili. Nilikitafuta kipande hicho kwenye bendeji ili nimwonyeshe daktari, sikukiona. Nilitafuta hadi chini ya kitanda. Mama Mkisii alisema pengine panya. Dada alikuwa ameshika upindo wa shuka yake. Mahali pake palibaki pengo dogo, kana kwamba mtu alibana unga kwa vidole viwili.

Alitoka hospitalini siku nne kabla ya arusi. Nilipata ruhusa, nikafuatana naye.

Asubuhi ya siku ya arusi wanawake walikuwa wamekwisha kujaa uani, na chungu cha siagi kilikuwa kwenye kivuli cha ukuta, mke mdogo amesimama kando yake amevaa vizuri. Shangazi alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Alimwita dada, akamwambia afungue kitambaa.

Dada alifungua. Shangazi hakuinuka. Alimwashiria apige magoti, akaweka kidole chake kwenye kinundu cha chini, akakipandisha juu kwa kufuata ukingo, polepole, kama mtu anayekagua mdomo wa chungu kabla ya kukinunua. Kilipofika kwenye pengo kilisimama.

"Mjomba," aliniita, maana kwa bibi arusi mimi nilikuwa mjomba. "Wewe ndiye uliyekata?"

"Ni mimi."

"Sikio lililoraruka ni sikio lililopungua. Kitanzi chake kiko wapi?"

Nilimweleza. Nilimwambia kilichooza kilichomwa moto, na kwamba kitanzi hakikutupwa. Nusu ya mbele iko pale chini, nusu ya nyuma ndiyo huu ukingo anaougusa. Nilisema kwa mpangilio, kama ninavyosoma daftari, na nilipomaliza kidole chake kilikuwa bado kimo ndani ya pengo.

"Na hapa?"

Mke mdogo alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema palizaliwa hivyo, au kwamba ni donda lililochomwa, na shangazi hangekuwa na njia ya kujua. Nilifikiri juu ya daftari langu, na nilifikiri juu ya dada, aliyekuwa amepiga magoti na uso wake chini.

"Hapo palikufa kipande," nilisema. "Kama punje ya hindi. Kilianguka, sikukiona tena."

Mtu fulani nyuma alivuta pumzi. Dada alikuwa na shughuli na upindo wa shuka yake. Alikuwa anafungua fundo kwa meno, kwa kuwa lilikuwa dogo na limekazwa. Alimimina kitu kiganjani, akakinyanyua mbele ya shangazi. Kilikuwa cheusi, kikavu, kisicho na uzito wowote.

"Sikumwachia panya," alisema.

Shangazi alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga, akakipima kwenye pengo. Kilikuwa kimenywea, lakini umbo lilikuwa lake. Alikirudisha kiganjani mwa dada, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Sikio ni baya," alisema. "Lakini lote analo."

Kisha akamwambia mke mdogo amletee mama wa bibi arusi chungu. Mke mdogo alikileta. Dada aliinuka, akafunga tena fundo la shuka, na sote tukaanza kusogea kuelekea mlangoni, nami nikiwa mbele pamoja na jamaa wa upande wa mama, kama ilivyo nafasi ya mjomba. Shangazi aliweka fimbo yake mbele ya magoti yangu.

"Na vyako, mjomba? Viko wapi?"

Niliinua mkono hadi kwenye sikio langu, fupi, lililoshonwa vizuri. Nilimwambia vilitupwa ndooni.

"Basi kaa hapo."

Nilikaa nje ya ua, juu ya gogo, pamoja na vijana watatu niliowafahamu wote kwa kuwa niliwakata mwenyewe. Mmoja alinisalimia kwa heshima na kuniuliza habari za hospitali. Tulisikia wanawake wakiimba ndani, kisha wakanyamaza, na nikajua kwamba siagi inapakwa. Nilihesabu bila kukusudia. Walipotoka, binti alikuwa anang'aa kichwa na mabega, na dada alikuwa nyuma yake, kitambaa hana, siagi imemfika viwikoni. Jua lilikuwa nyuma yake. Ukingo wa sikio ulikuwa wa waridi toka chini mpaka kwenye pengo.

Alinipita karibu sana. Hakunigusa, wala hakunisemesha, mpaka alipokwisha kunawa siagi yote mikononi.